Jinsi ya Kuilaghai Barabara ya Kolwezi kwa Gari Dogo

Tusifichane. Ulitaka Land Cruiser. Umeziona zikitoka malangoni mwa migodi, nyeupe, kibendera kikipepea juu ya fimbo ndefu ili dereva wa lori kubwa la mgodini aione asije akaikanyaga, na ukajiona umo ndani, kiwiko dirishani. Kisha ukahesabu pesa, ukanunua RAV4. Umefanya vizuri. Nitakuonyesha namna ya kwenda nayo Mutshatsha, Kasaji na kando ya Ziwa Nzilo, ukarudi na gari zima na heshima yako haijapungua. Ushujaa hauhitajiki hata kidogo. Kinachotakiwa ni ujanja, na ujanja hufundishika.

1. Nunua gari la mtu mwoga

Gari lililokuwa likikodishwa kwa makandarasi wa migodi limeshateswa, liache. Tafuta la mwalimu, la mama mwenye duka la dawa, la mtu anayepunguza mwendo hata akiona kivuli cha mti barabarani. Magari mengi ya kwetu yametoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, yakapanda kwa barabara kupitia Tunduma na Zambia, yakaingia Kongo kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi usizihangaikie. Msome mwenye gari.

Hutaki ajue kwamba unalikagua, kwa sababu atajihami. Basi angusha funguo zako kando ya gurudumu la mbele, piga magoti, okota bila haraka. Ukiwa huko chini, tazama ile raba yenye mikunjo-mikunjo inayofunika kiungo cha ekseli, karibu kabisa na gurudumu. Ikiwa nzima, ni kavu na ina vumbi tu. Ikiwa imepasuka, grisi nyeusi imerukia upande wa ndani wa rimu na kuganda pamoja na mchanga. Simama, futa magoti, omba kulizungusha gari uwanjani. Zima redio, kata usukani mpaka mwisho, nenda polepole. Ukisikia tak-tak-tak, kiungo kimeshakula mchanga. Sasa unayo hoja ya kushusha bei, na mwenye gari hatajua umeipata wapi.

Usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia usikutie aibu. Ila kiti cha kushoto usimpe mtu wa kusinzia. Huyo ndiye macho yako unapotaka kulipita lori la shaba kwenye njia ya Likasi. Mimi humpa shangazi mwenye woga. Mtu mwoga hasemi "pita" mpaka awe amehakikisha mara mbili.

Kuhusu aina, nitakuambia ninavyoona. RAV4 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1994, ndiyo kipenzi changu. Injini yake, 3S, iliwekwa pia katika Carina, Caldina na Ipsum, kwa hiyo mafundi wameizoea na spea zake si za kuagiza mbali. Ile ya gia za mkono ina kitufe cha kufunga difu ya kati, na kitufe hicho kina thamani kuliko redio, viti vya ngozi na rimu za kung'aa zikiwekwa pamoja. Badilisha mkanda wa taimingi wiki ileile uliyonunua, hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya. Nissan X-Trail ya mwanzo ni pana na ina nguvu, lakini ina sifa ya kula oili. Ukiipata, chomoa kijiti cha oili kila Jumamosi. Zile zilizofuata zenye gia za CVT hupata joto kwenye mchanga na vilima, zikapunguza nguvu zenyewe ili zisiungue. Suzuki Jimny ni kabila jingine: ina fremu ya chini, ina gia nzito ya kupandia, na uzito wake ni kiasi cha tani moja tu. Itapita mahali ambapo RAV4 itabaki. Lakini inabeba watu wanne wa kubanana bila mizigo, na wewe una mashemeji.

2. Jua gari lako linavuta vipi, halafu nyamaza

Kibandiko cha 4WD mlangoni hakikuambii kitu. RAV4 za kuanzia mwaka 2005, na magari mengi ya rika lake, huenda kwa magurudumu ya mbele. Ya nyuma huja kusaidia pale ya mbele yanapoteleza, na anayeyaita ni klachi ndogo iliyokaa karibu na difu ya nyuma. Klachi hiyo ni mwaminifu kwa muda mfupi. Ukiizungusha dakika kadhaa kwenye mchanga mzito itapata joto, itajiachia yenyewe, na utabaki na magurudumu mawili kama teksi yoyote.

Na mchanga tunao. Wageni wanadhani jimbo letu la Lualaba ni udongo mwekundu tu, lakini ukitoka Kolwezi kuelekea magharibi, upande wa mgodi wa Kamoa na mbele yake, ardhi imefunikwa na mchanga wa Kalahari. Kwa hiyo bonyeza kitufe cha kufunga difu au klachi kabla ya kuingia mchangani, ungali kwenye ardhi ngumu, abiria wakiongea mambo mengine. Anayesubiri mpaka azame ndipo abonyeze, anabonyeza mbele ya mashahidi.

Klachi ikikata, usiseme imekata. Sema unataka kuitazama njia ya mbele. Shuka, tembea, kunywa maji, mpigie mtu simu kama mtandao upo. Nusu saa itatosha kuipoza, utarudi, utawasha, na gari litaondoka. Abiria watakumbuka kwamba dereva wao ni mtu wa makini.

3. Matairi manne, ndugu wa tumbo moja

Matairi yote yawe ya aina moja, saizi moja na yamelika sawasawa. Ukichanganya mapya mawili na makuukuu mawili, ya mbele na ya nyuma yatazunguka kwa mwendo tofauti, na klachi au difu ya kati itasuguana mchana kutwa hata kwenye lami. Hapo utakuwa umeokoa bei ya matairi mawili na kuua kifaa kinachouzwa kwa bei ya matairi kumi na zaidi.

Kisha jifunze ujanja mkubwa kuliko wote wa mchangani, ambao hauna gharama: punguza upepo. Kutoka bar 2.2 shuka hadi 1.4 hivi, tairi litatanuka na kutembea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Nenda taratibu, usikate kona kwa ghafla. Beba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Nimeona vijana wenye magari ya nguvu za ajabu wakizama kwa sababu waliona aibu kutoa upepo mbele ya wenzao. Wewe toa. Akikuuliza mtu, mwambie unapima.

4. Chagua mwezi

Mvua zetu huanza mwishoni mwa Oktoba na kwenda hadi Aprili. Kuanzia Mei mpaka Septemba, njia ileile iliyomla mtu na gari lake hupitika hata kwa baiskeli yenye magunia. Baba mkwe akikualika kijijini mwezi wa Januari, kazi imebana. Akikualika Julai, kubali kabla hajamaliza kusema, nenda na zawadi nono, kaa siku nyingi. Utajulikana ukoo mzima kama mkwe ambaye gari lake halishindwi na safari.

5. Kwenye matope, usiwe wa kwanza

Mjini lami imeongezeka tangu Kolwezi iwe makao makuu ya jimbo la Lualaba mwaka 2015. Mambo yako yataanza lami inapoisha. Kama umelazimika kusafiri wakati wa mvua, utafika mahali ambapo barabara imegeuka ziwa la matope na mbele yako hakuna mtu. Simama mbali kidogo. Fungua boneti. Pima oili, pima maji, kaza kitu ambacho kimeshakazwa. Mtu akipita, uko kazini. Unalisubiri lori.

Lori litakuja. Likiingia, tazama mambo matatu: linazama wapi, linateleza kuelekea upande gani, na linasita wapi. Likikwama, umeokoka, na umepata watu wa kuongea nao. Likipita, usikimbilie kwenye njia yake. Hapa ndipo wenye magari madogo huangamia. Matairi ya lori yanaacha mifereji yenye kina kuzidi kimo cha tumbo la gari lako, ukitumbukia humo magurudumu yako yatabaki yanaelea huku tumbo limelala juu ya tuta la katikati. Kipimo unacho mkononi. Tumbo la RAV4 liko juu ya ardhi kwa shibiri moja hivi, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Shuka, weka mkono wako kwenye mfereji. Shibiri ikizama, weka magurudumu ya upande mmoja juu ya tuta la katikati na ya upande mwingine juu ya ukingo wa nje, mfereji uwe chini yako. Lori haliwezi kufanya hivyo. Land Cruiser iliyosheheni, inayozidi tani mbili, itabomoa ukingo. Gari lako ni jepesi, litapita.

Ukitaka habari za njia, usimuulize dereva wa Land Cruiser. Kwake kila njia ni nzuri. Muulize mwenye baiskeli, na usimuulize kama barabara ni nzuri, maana watu wetu ni wakarimu na hawapendi kukuvunja moyo. Muulize: "Papa, leo asubuhi umepitia hapo? Gari gani ulilikuta?" Akisema hajakuta gari lolote, geuza. Kugeuza mapema ni haki yako. Umesahau hati nyumbani.

6. Maji

Kijito kisichovukika kwa miguu yako hakivukiki kwa gari lako. Vua viatu, kunja suruali, ingia. Maji yakipita goti, toka, kaa, kula. Kijito kilichojaa kwa mvua ya mchana mara nyingi hushuka kabla ya giza, na hakuna anayeweza kumlaumu mtu anayekula.

Kabla ya siku hiyo, fungua boneti nyumbani na ulifuate lile bomba nene kutoka kwenye filta ya hewa mpaka mdomo wake. Hapo ndipo injini inapopumulia. Jua mdomo huo uko kimo gani, kwa sababu maji yakiingia humo injini ikinguruma, pistoni zitajaribu kuyabana, maji hayabaniki, na chuma kitapinda. Ukiingia majini ingia polepole, nenda kwa mwendo mmoja, usisimame katikati. Ukitoka, kanyaga breki mara kadhaa zikauke. Kesho yake fundi afungue nati ya difu atazame oili. Ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia, imwagwe yote siku hiyohiyo.

7. Kukwama kwa heshima

Utakwama. Kila mtu hukwama. Tofauti ya mwenye adabu na mwingine ni sekunde kumi za kwanza. Gurudumu likianza kuzunguka bila gari kusogea, mguu utataka kukanyaga mafuta kwa sababu watu wanatazama. Uondoe. Kila mzunguko unachimba, na baada ya kelele zote hizo gari litakuwa limekalia tumbo na wewe umelowa jasho. Zima injini, washushe abiria wote, mama wazee wapelekwe kivulini. Gari limepungua uzito wa watu wanne bila wewe kutumia nguvu.

Sepetu iwe ndani ya gari. Chimba mbele ya magurudumu, si nyuma tu. Ng'oa mazulia ya sakafuni, yatandike chini ya matairi pamoja na matawi. Gari la zamani likizungusha gurudumu moja tu la nyuma, vuta breki ya mkono nusu huku ukikanyaga mafuta kidogo, nguvu itahamia gurudumu la pili. Wengi hawaujui ujanja huu, na ukiufanya kimyakimya wataamini gari lako lina kitu cha pekee.

Vijana watatokea. Hutoka vichakani hata mahali ambapo hujaona nyumba. Inawezekana shimo wanalifahamu vizuri kuliko inavyopaswa. Hilo liweke moyoni. Anza kwa salamu, tena kwa mkubwa wao, ukimwita yaya, yaani kaka mkubwa, hata kama ana miaka kumi na saba: "Jambo yaya, habari ya hapa?" Patana bei kabla mkono wowote haujagusa bampa, maana gari likiwa nje ya shimo bei hupanda na likiwa ndani hushuka pole kwa pole. Weka faranga ndogondogo mfuko wa peke yake. Dola unaweza kuwa nayo, lakini ikiwa imechanika pembeni hata kidogo haitapokelewa, na utajikuta unabishana juu ya karatasi huku mvua ikirudi. Mzee akitokea, mwite papa, mwombe ushauri kabla ya kumwomba nguvu. Ataelekeza, vijana watamtii, na watasukuma kwa pamoja badala ya kila mmoja kwa wakati wake. Kazi ya saa nzima itakwisha kwa dakika tano.

8. Vumbi

Hapa sina mzaha hata chembe. Wakati wa kiangazi utatembea ndani ya wingu jekundu la malori, na vumbi hilo linaua magari madogo kuliko matope. Toa filta ya hewa kila unaporudi kutoka safari ndefu, igonge taratibu kwenye tairi, utaona chini rundo la vumbi ambalo injini yako ingelipumua. Ukiwa na upepo wa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje utalishindilia ndani zaidi. Filta ikichoka nunua mpya, usiishone, usiipake mafuta.

Lakini fikiri pia juu ya wale wanaolipumua bila filta. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha vipimo walivyochukua Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi ambako kobalti ilichimbwa katikati ya nyumba za watu. Wakazi walikutwa na kobalti nyingi zaidi kwenye mkojo na damu kuliko majirani wa mtaa usiochimbwa, na watoto ndio tofauti yao ilionekana zaidi. Vumbi la kwetu lina madini ndani yake. Kwa hiyo ukikuta nyumba kando ya barabara, watoto wa shule, mama mwenye bakuli la unga kichwani, mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia, punguza mwendo mpaka wingu lako lisimame nyuma ya bampa lako mwenyewe. Unataka kusifiwa? Pita kijiji polepole mara mbili. Ya tatu watakupungia mkono, na siku ya kukwama watakuja kusukuma kabla hujawaita.

9. Fundi

Mlipe fundi wako wakati gari likiwa zima. Mpelekee mwezi wenye kazi kidogo, mwache abadilishe oili na kukagua raba za ekseli bila papara, na kila kifaa kinachotolewa uondoke nacho nyumbani. Si kwa sababu humwamini. Kifaa cha zamani mkononi ndiyo njia nyepesi ya kununua kipya kinachofanana nacho. Petroli jaza kituoni kabla hujatoka mjini, ili usilazimike kununua ya chupa kwa akina kadhafi, wachuuzi wa mafuta wa njiani, ambayo huwezi kujua imechanganywa na nini.

10. Siku utakayoikuta Land Cruiser imekwama

Itafika. Itakuwa imelala ubavu kwenye mfereji, kibendera kimeinama, dereva wake amesimama kandoni na kofia ngumu mkononi. Moyo wako utaruka. Utatamani kutoa kamba.

Usitoe. Vile vitanzi vya chuma chini ya RAV4 yako, vingi viliwekwa ili gari lifungwe lisiteleze ndani ya meli. Ukivifungia mzigo wa tani mbili zilizomezwa na tope, kitang'oka kimoja na kuruka kwa nguvu ya kuua mtu. Paki mahali pakavu, msalimie dereva, mpe maji na sepetu. Andika namba ya mtu wa kampuni yake, mpakie mwenzake mmoja, umpeleke mpaka mahali penye mtandao au kwenye trekta la karibu. Pesa ya mafuta usiikatae kama wakiitoa.

Na akikuuliza wewe ulipitaje, mpeleke mpaka pale, mwonyeshe tuta la katikati na ukingo wa kushoto, kisha mwambie aweke mkono wake kwenye mfereji apime shibiri.